Mpangaji Aliyeingia Kimya

Mjinga wa siku ile alikuwa tabibu mwenyewe. Jambo hilo halihitaji shahidi, maana analisimulia yeye kila anapopata mtu wa kumsikiliza. Hasemi kwamba alikosea kidogo. Husema alikuwa mjinga wa daraja la kwanza, mjinga mwenye cheti ukutani na koti jeupe mwilini, na kwamba kama ujinga ungekuwa na sare, ile aliyovaa siku ile ingemtosha bila kupunguzwa mikono.

Ilikuwa Jumamosi. Mwenzake wa kupokezana naye zamu alikuwa likizoni wiki ya tatu, na tabibu alikuwa amebaki peke yake kwenye kituo cha afya, yeye na muuguzi mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Kufikia saa sita mchana walikuwa wamepita wagonjwa hamsini na tatu. Wa kukohoa walikohoa, wa kuharisha waliharisha, na mzee mmoja alikuja kuuliza tu kama dawa ya mwaka jana bado inafaa. Tabibu alikuwa amelegeza kamba za viatu chini ya meza ili miguu ipate pa kuvimbia. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini na minane kwenye chumba kile kile, akitazama ukuta ule ule uliopakwa kijani nusu na nusu nyeupe, hachoki kwa siku moja. Huwa anao uchovu wa akiba, na siku ikiwa mbaya huukopa wote.

Watu walimwita Mkono wa Pamba. Jina hilo alilipata kwa ngiri. Mwanaume akiletwa anajipinda, ngiri imetoka na imekataa kurudi, tabibu alikuwa na namna yake: anamlaza chali, anaweka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda ili kichwa kiwe chini na kiuno kiwe juu, anamchoma sindano ya kutuliza maumivu, anamwekea kitambaa chenye maji baridi, halafu anamwacha nusu saa atulie. Baadaye ndipo anaingiza mikono. Hakusukuma. Alibembeleza. Wengi walirudi makwao jioni wanatembea wima, na jina likakua.

Alipenda kuieleza. Nyuma ya kalenda ya miaka mingi iliyopita alikuwa amechora nyumba yenye nyufa, na kila mgonjwa wa ngiri alionyeshwa. Ngiri, aliwaambia, au henia kama wanavyoiita waliosoma juzi, si ugonjwa wa utumbo. Ni ugonjwa wa ukuta. Utumbo hauna kosa, umepata upenyo tu na umechungulia. Ukichungulia kwenye kinena, hiyo ndiyo ya wanaume wengi, hasa wabeba vizito na wenye kikohozi cha kudumu. Ukichungulia chini yake kidogo, kwenye chanzo cha paja, hapo tabibu alikuwa hagusi hata kwa ncha ya kidole. Tundu lile ni jembamba na kingo zake ni ngumu, na akina mama ndio linaowapata zaidi, kwa hiyo aliwapeleka hospitali kubwa hapo hapo. Ya kitovu cha mtoto mchanga aliwarudisha mama nyumbani akiwakataza kuifungia vitambaa, maana nyingi huziba zenyewe mtoto akikua. Ya kitovu cha mtu mzima, alisema, hiyo ni habari nyingine. Na ipo inayofumuka juu ya kovu la upasuaji wa zamani, mahali ambapo ukuta ulishonwa lakini haukusahau.

Alikuwa na masharti, na hayo aliyasimulia hata kwenye chakula cha familia, watu wanatafuna na yeye anataja matumbo. Sharti la kwanza, ngiri iliyokwama zaidi ya saa sita hairudishi. Aliyekwisha tapika, hairudishi. Mwenye homa, au ngozi iliyogeuka rangi, hairudishi. Sababu ni kwamba utumbo uliobanwa muda mrefu hukosa damu ukafa, na anayeurudisha ndani akiwa haoni anamfungia mgonjwa maiti tumboni. Anayetumia nguvu naye huweza kuupasua. Lilikuwapo jambo jingine pia, la nadra, alilolisoma chuoni, nusu ukurasa tu, na nusu ukurasa haumtishi mtu. Hilo hakulitaja kwenye chakula. Alikuwa amelisahau.

Aliyeyashika masharti hayo vizuri kuliko wote alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo.

Shemeji huyo alikuwa fundi wa mageti. Alichomelea, alinyoosha, aliinua vyuma ambavyo wenye akili huviinua watatu, na kwa miaka minne alikuwa na ngiri ya kinena upande wa kulia aliyoipa jina la Mpangaji. Asubuhi Mpangaji yumo ndani. Mchana anatoka kupunga upepo. Jioni fundi analala juu ya benchi la karakana, anamrudisha kwa viganja, anafunga mkanda, maisha yanaendelea. Mara tatu Mpangaji aligoma, na mara zote tatu Mkono wa Pamba alimbembeleza akaingia. Kila mara tabibu alimwambia akafanyiwe upasuaji kabla hajaletwa kwenye machela, na kila mara fundi alijibu kwamba mtu mwenye shemeji kama yeye akatwe kwa lipi. Tabibu alikemea, lakini alikemea akitabasamu, na mtu anayekemewa kwa tabasamu hasikii neno.

Basi saa sita ile mlango ulifunguka bila kubishwa hodi, akaingia fundi ameinama kama anatafuta sindano sakafuni, amemwegemea mkewe. Dada yake tabibu alikuwa mshona mito. Nyuzi zilikuwa bado zimemganda kwenye sketi na vipande vya sponji kwenye nywele. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala, na tabibu angejiuliza kwa nini hakulala kama naye asingekuwa na macho ya namna hiyo hiyo.

Alimpandisha shemeji kitandani. Uvimbe ulikuwa mkubwa kama ngumi, mgumu, unauma kuguswa. Ngozi ilikuwa na rangi yake ya kawaida. Joto la mwili lilikuwa sawa. Akauliza umeanza lini.

Fundi akasema saa moja asubuhi.

Saa moja mpaka saa sita ni saa tano. Akauliza kama ametapika. Fundi akasema hata mate hajatema. Majibu yalinyooka kama geti jipya, na tabibu, aliyekuwa amesikia majibu yaliyopinda tangu alfajiri, alishukuru kupata mgonjwa anayejua kujieleza. Hakujiuliza mgonjwa huyo amejifunzia wapi.

Dada yake alikuwa amesimama kwenye pembe ya meza, ameshika beseni la plastiki chini ya kanga. Alianza kusema kwamba jana, na neno "jana" lilikuwa bado halijamaliza kutoka.

"Dada," tabibu alisema, "nenda kakae kwenye benchi."

Alisema kwa upole. Alikuwa na desturi hiyo, hapendi ndugu chumbani wakati wa kazi, wanalia, wanashauri, wanashika mkono wa mgonjwa unaotakiwa ulegee. Tena hapa palikuwa na suala la heshima, mume amevuliwa, kaka yupo, kana kwamba mume huyo dada alimpata asubuhi ile na yaliyofunikwa na shuka hajawahi kuyaona. Mshona mito alimtazama mumewe. Mumewe alitazama dari. Akatoka na beseni lake, akakaa kwenye benchi la ukumbini lililolainishwa na makalio ya wilaya nzima.

Matofali yakawekwa. Sindano ikachomwa. Kitambaa kikalowekwa. Katika ile nusu saa ya kungoja tabibu aliona wagonjwa wengine watano, na wa tano alimwandikia dawa ya wa nne, muuguzi akairudisha karatasi bila neno, akaweka kidole kwenye jina. Hiyo ilikuwa ishara tosha kwa mtu anayetaka kuziona ishara.

Alirudi kitandani, akapasha mikono joto, akaanza. Mkono mmoja kwenye shingo ya ngiri, mwingine kwenye uvimbe. Kwa kawaida huwa hivi: unabembeleza dakika kumi, hakuna kitu, halafu unasikia chini ya vidole sauti ndogo ya maji yakipita kwenye mfereji, gulu, gulu, utumbo unaingia kidogo kidogo, kile kilichotangulia kikikipisha kinachofuata. Tabibu aliipenda sauti ile kuliko redio. Siku ile alibembeleza dakika tano, sita, mikono ikachoka, mgongo ukamuuma, na bila kukusudia akaongeza uzito kidogo. Kidogo tu. Uvimbe wote ukateleza mara moja kama droo inayofungwa. Ukaingia. Hakukuwa na gulu wala nini. Kinena kikawa bapa kama cha mtoto.

Kimya kile alikisikia, na hapo ndipo ujinga wake ulipopata shahada. Aliusikia ukimya, akajua si kawaida, akajiambia ni masikio yamechoka.

"Mpangaji amerudi, shemeji," alisema.

Fundi alicheka kwa pua. Muuguzi akamsifu. Tabibu akaenda kuosha mikono, na kwenye kioo kidogo juu ya beseni la kunawia akamwona mwanaume aliyechoka lakini anayejipenda.

Desturi yake nyingine, na hii ilikuwa nzuri, ni kwamba aliyerudishiwa ngiri haondoki mpaka ajambe. Tumbo linalopitisha upepo lina njia. Chumba cha mapumziko kimewahi kujaa wanaume watu wazima wakingojwa na wake zao wajambe, na likitokea watu hupongezana. Fundi alipelekwa huko, mkewe akaruhusiwa kukaa naye, na tabibu akarudi kwenye foleni.

Saa nane muuguzi alikuja kusema kwamba mgonjwa ametapika. Tabibu alisema ni ile sindano, huwa inachafua roho. Saa nane na nusu alitapika tena, kijani. Tabibu alisema alete maji ya chumvi na sukari, na akaendelea kuandika. Upepo ulikuwa haujapita. Tabibu alisema utapita. Foleni ilikuwa na watu kumi na saba, na kila aliyeinuka kwenye benchi aliachia nafasi watu wawili.

Saa tisa kasoro alikwenda mwenyewe, karatasi ya ruhusa mkononi. Alikuwa ameshaiandika. Anasema sasa kwamba mkono uliandika peke yake, ukitaka kitanda kimoja kiwe wazi na kichwa kimoja kipungue. Aliwaambia waende nyumbani, fundi anywe uji, alale, na upepo ukipita wamtumie ujumbe.

Dada yake hakuipokea karatasi. Aliiacha mkononi mwa kaka yake ikining'inia.

"Kaka, kuna kitu humu ndani," alisema, na kiganja chake kilikuwa juu ya tumbo la mumewe, si kwenye kinena, bali juu yake kidogo, kimebonyea, kimetulia.

Tabibu aliutoa mkono ule kama mtu anavyotoa mkono wa mtoto kwenye sahani ya wageni. Akamweleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kwa ile sauti aliyoitumia tangu dada yake akiwa darasa la pili na yeye la saba, akimfundisha kugawanya. Uvimbe haupo. Ulikuwapo, sasa haupo. Ngiri isiyoonekana ni ngiri iliyorudi. Maumivu yaliyobaki ni ya misuli, matapishi ni ya dawa, na wasiwasi ni wa mke. Alitaja miaka yake ishirini na minane. Alitaja hata kalenda.

Dada yake alingoja amalize. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mabega yameshuka, na alipozungumza hakupandisha sauti, labda kwa sababu hakuwa na ya kupandisha. Alimuuliza swali moja, ambalo tabibu hakulitarajia kwa mtu yeyote, sembuse kwake.

"Iliingia kidogo kidogo, au yote mara moja?"

Tabibu aliuliza kwa nini.

Akamwambia. Kwenye kujaza mto, alisema, sponji huingizwa vipande vipande, unasikia vikisogezana, vinatafuta pembe. Mshonaji mvivu, au aliyechoka, huchukua bonge zima lililofungwa na uzi tangu stoo, akalisukuma lote na uzi wake kwa nguvu moja. Linaingia. Kwa nje mto ni laini, unapendeza, mteja anachukua. Lakini lile fundo halikufunguka, limehamia ndani tu, na huko ndani linaendelea kubana. Yeye alijua bonge lilivyo chini ya kiganja, kwa kuwa ameyatafuta kwenye mito ya wenzake kwa miaka kumi na tano. Na hilo hapo, alisema, akarudisha mkono pale pale juu ya kinena, ni bonge.

Tabibu alikuwa na jibu. Alikuwa nalo mdomoni, jibu la kwamba binadamu si mto. Lakini nyuma ya jibu lile ulikuja ukimya wa saa saba mchana, ile droo iliyofungwa bila sauti, na nyuma ya ukimya ukaja nusu ukurasa. Aliuona kabisa, upande wa kushoto, chini, wenye mchoro mdogo uliofifia: mfuko wa ngiri umerudi ndani wote pamoja na utumbo uliomo, na shingo ya mfuko bado imeukaba. Kwa nje hakuna kitu. Kwa ndani kitanzi kipo pale pale, na sasa hakionekani.

Alikaa. Hakukuwa na kiti, akakaa kwenye kitanda cha pili, kilichokuwa na mtu.

Kisha aliinuka, akaomba radhi kwa miguu ya mwenye kitanda, akaenda kwa shemeji yake. Akaweka mkono mahali alipokuwa ameutoa wa dada yake. Akabonyeza polepole, kwa kina, akiwa haharakishwi na mtu. Lilikuwapo. Gumu, la mviringo, limejificha nyuma ya misuli, na fundi alipoguswa hapo alikunja goti na jasho likamtoka.

"Shemeji," tabibu alisema, "ilianza lini?"

Fundi alitazama dari. Dari ilikuwa na doa la maji lenye umbo la kiatu. Alisema jana, saa kumi jioni, walipokuwa wanainua upande wa pili wa geti. Na usiku? Usiku alitapika mara nne. Beseni lile alilokuwa nalo mkewe halikuwa la mapambo. Alisema yote hayo bila kumtazama mtu, kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kuogopa, kwamba alijua zaidi ya saa sita atapelekwa kukatwa, maana shemeji mwenyewe ndiye aliyeyasema kwenye chakula, akayarudia, mpaka watoto wanayajua.

Tabibu alihesabu. Kutoka saa kumi ya jana mpaka pale zilikuwa saa ishirini na tatu.

Kuanzia hapo hakuna hadithi ndefu, kuna kazi tu. Alimwekea dripu. Alipitisha mpira puani mpaka tumboni, na maji ya kijani yakatoka mengi kuliko alivyotaka kuyaona. Alipiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa dakika ishirini, likaja baada ya arobaini. Katika dakika hizo arobaini hakuna aliyemlaumu mwenzake, hawakuwa na nguvu hizo. Dada yake alishika chupa ya dripu juu, mkono ukichoka anahamisha mkono. Tabibu aliandika barua ya rufaa kwa mkono wake, na kwenye mstari wa mwisho, ambapo angeweza kuandika kwamba ngiri imerudi yenyewe, aliandika: nimeirudisha mimi, yote kwa mara moja, baada ya saa ishirini na moja, nadhani imerudi na mfuko wake. Kalamu ilisita kwenye neno "mimi." Akaliacha lisomeke. Akampa muuguzi foleni yote, watu kumi na tisa, akapanda gari na viatu vyake bado havijafungwa kamba.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoshikwa na plasta upande mmoja. Aliisoma barua amesimama, akamtazama tabibu juu ya miwani, akaisoma tena mstari wa mwisho. Alisema mstari huo umemwokolea muda wa vipimo viwili, akaondoka na machela.

Walikaa kwenye benchi, kaka na dada. Benchi lile lilikuwa la chuma, la baridi, na halikumlainikia mtu. Walikaa saa mbili unusu. Tabibu alifikiria utumbo. Dada yake alivua nyuzi kwenye sketi, moja moja, akazizungusha kidoleni. Mara moja tu alisema kwamba kama mumewe akifa leo hatamchukia kaka yake, atachoka naye tu, na tabibu akaona hiyo ni adhabu kubwa zaidi.

Daktari alitoka kofia imelowa. Alieleza kwa kifupi. Alikuta mfuko mzima nyuma ya misuli, shingo yake imekaba kama uzi, ndani yake kipande cha utumbo kimegeuka zambarau. Alikata shingo, akaufunika utumbo kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, akangoja arudishiwe jibu. Sehemu kubwa ilirudi rangi. Sehemu ya shibiri moja haikurudi, ameikata, ameunga. Ukuta ameushona. Kama wangekwenda nyumbani kunywa uji, alisema, kile kipande kingetoboka, na yeye angekutana nao kesho kwenye mazungumzo ya aina nyingine. Halafu akauliza nani aligundua. Tabibu akamnyooshea dada yake kidole. Daktari alimtazama yule mwanamke mwenye sponji nyweleni, akauliza ni muuguzi wa wapi.

Siku ya sita fundi alikuwa amekaa, ameegemea mito miwili aliyoletewa kutoka nyumbani, anapiga domo. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na feni moja iliyozungukia wale wa katikati tu. Mshona mito alikuwa kwenye kiti pembeni, anashona foronya, kwa sababu kazi haikungoja. Tabibu alikuja moja kwa moja kutoka zamuni, amechoka vile vile, lakini siku hizi anauona uchovu ukija na anausalimia.

Wanaume wawili waliookoka hawawezi kukaa dakika tano bila kutafuta mwenye makosa. Fundi alianza. Alisema kwa mzaha kwamba Mkono wa Pamba sasa aitwe Mkono wa Nyundo. Tabibu akasema aliyedanganya saa ndiye aliyedanganya uhai wake. Fundi akasema daktari mzima anadanganywa na mchomelea vyuma, aende akarudishe cheti. Tabibu akasema cheti hakikufundisha kusoma uongo usoni mwa shemeji. Waliendelea hivyo, nusu utani, nusu kidonda, kila mmoja akimsogezea mwenzake lawama kama watu wawili wanaosukumiana kiti kibovu, na mgonjwa wa kitanda cha jirani alizima redio yake ili asikie vizuri.

Mwishowe mzaha ulimwisha tabibu. Alikaa mguuni mwa kitanda, akajisugua uso kwa viganja viwili, na akasema lile lililokuwa likimtafuna siku sita. Alisema sawa, alichoka, alikosea, aliongeza nguvu. Lakini haki itendeke. Mgonjwa alikana kila kitu. Ngozi ilikuwa nzima, joto lilikuwa sawa, hakukuwa na dalili hata moja ya kumwambia kwamba ngiri ile imelala nje usiku kucha.

"Niambieni kweli," alisema. "Chumbani mle, saa ile, nani angejua?"

Dada yake alikata uzi kwa meno, akageuza foronya akaitazama kwa ndani.

"Aliyejua ulimwambia akakae kwenye benchi."